Dereva Amefungwa, Familia Haijalipwa

Jioni ya Ijumaa, Juni 30, 2023, lori la mizigo liliacha njia kwenye Makutano ya Londiani, katika barabara ya Nakuru kwenda Kericho, likayagonga magari na watu waliokuwa kando ya lami. Waliokufa walizidi 50. Wengi walikuwa watu wa pale pale: wachuuzi, wahudumu wa bodaboda, abiria waliokuwa wakingoja matatu. Viongozi walifika, rambirambi zikatolewa, na mjadala ukageukia masoko ya kando ya barabara, kwamba yahamishwe. Ulikuwa mjadala wa haki. Swali ambalo halikusikika sana ni lile linalobaki nyumbani baada ya hema la matanga kukunjwa: watoto wa mama aliyekuwa akiuza mboga pale wanamdai nani, wanadai kiasi gani, na kwa ushahidi upi?

Sheria ya Kenya ina majibu, na si majibu mabaya. Shida ni kwamba yanamfaa aliyejipanga mapema, ilhali familia iliyofiwa huwa haina nguvu wala nafasi ya kujipanga. Wiki zile za mwanzo, ambamo watu wanachangisha pesa za jeneza, ndizo zinazoamua kesi.

Tuanze na dereva, maana hasira ya wafiwa huanzia kwake. Kusababisha kifo kwa kuendesha gari kwa njia ya hatari ni kosa chini ya Sheria ya Trafiki, na adhabu yake hufika kifungo cha miaka 10. Ila ile ni kesi ya Jamhuri dhidi ya dereva. Familia humo ni shahidi tu. Akitozwa faini, pesa zinaingia serikalini. Akifungwa, hakuna karo ya mtoto inayolipwa na kifungo chake. Nimeona wafiwa wakihudhuria kesi ya trafiki kila inapotajwa, wakikaa benchi la nyuma, wakiamini kwamba siku ya hukumu watasomewa na fidia yao. Hawasomewi. Fidia inadaiwa katika kesi nyingine, ya madai, na familia yenyewe ndiyo inayoifungua.

Kesi hizo mbili zinasaidiana, lakini hazingojani. Dereva akitiwa hatiani na hukumu ikawa ya mwisho, Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 47A, inaichukulia hukumu hiyo kuwa uthibitisho kamili kwamba alitenda kosa lile, na wakili wa familia anapata pa kuanzia. Akiachiliwa, mlango haujafungwa, kwa kuwa mahakama ya madai inatazama upande upi wenye uzito zaidi wala haihitaji kuondoa kila shaka. Anayesema tungoje kwanza ya dereva iishe anaupoteza muda usiorudi, kwa sababu Sheria ya Ajali za Kifo inatoa miaka mitatu tangu siku ya kifo. Kesi za trafiki huahirishwa kwa kila sababu: shahidi hajafika, faili haionekani, hakimu yuko likizo. Miaka mitatu huishia hapo hapo.

Na hata ukimshinda dereva, utakamata nini? Sheria inamfuata aliyemwajiri. Dereva akifanya uzembe akiwa kwenye kazi ya tajiri wake, tajiri anawajibika pamoja naye. Sentensi hiyo ni fupi, lakini kwenye lori la masafa marefu neno tajiri linaweza kuwa na watu watano nyuma yake.

Litazame lori lenyewe. Mbele kuna kichwa chenye nambari yake ya usajili. Nyuma kuna trela yenye nambari tofauti, inayoanza na herufi Z. Hivyo ni vyombo viwili katika daftari la NTSA, mamlaka inayosajili magari, na si ajabu vikawa vya watu wawili, na bima zao zikawa mbili. Kichwa pengine kimenunuliwa kwa mkopo, na benki imeandikishwa kuwa mmiliki pamoja na mnunuzi. Pengine kiliuzwa mwaka juzi na uhamisho haukufanywa, kwa hiyo jina lililoko kwenye kumbukumbu ni la mtu asiyejua lori liko wapi. Mzigo umechukuliwa na kampuni kubwa ya uchukuzi ambayo imempa kazi mwenye lori mdogo, na dereva ameandikwa na huyo mdogo kwa maneno ya mdomo. Ajali ikitokea, kila mmoja anamwonyesha kidole mwenzake. Kampuni inasema hilo si gari letu. Benki inasema sisi tulikopesha tu. Aliyeuza anatoa karatasi ya mauzo.

Sheria ya Trafiki, kifungu cha 8, inamchukulia aliyesajiliwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo, na mahakama zetu zimekubali mara nyingi kwamba inaweza kuthibitishwa vinginevyo. Ndiyo maana wakili anayemshtaki mtu mmoja tu, yule aliyetajwa kwenye abstrakti ya polisi, anabahatisha. Kazi inayofaa ni kuchukua rekodi za usajili za kichwa na za trela, kuuliza mzigo ulikuwa wa nani na nani aliahidi kuufikisha, kisha kuwaweka wote kwenye hati ya madai. Wakionyeshana vidole, waonyeshane mbele ya hakimu.

Barabara kuu ya Mombasa hadi Malaba hubeba pia malori ya Uganda, Rwanda, Kongo na Sudan Kusini, na yale ya Tanzania huingia kupitia Namanga, Taveta na Lunga Lunga. Familia ikiona nambari ya kigeni hukata tamaa mapema. Isikate. Kuna Kadi ya Njano ya COMESA, bima ya kuvukia mipaka iliyobuniwa katika miaka ya 1980, na Tanzania imo katika mpango huo ingawa ilijitoa COMESA. Lori lenye kadi hiyo linahesabiwa kuwa na bima inayotakiwa na sheria ya nchi ambamo limegonga, na madai hushughulikiwa kupitia ofisi ya mpango huo iliyoko nchini humo. Kinachotakiwa ni nambari ya kadi. Nayo huandikwa na polisi siku ya ajali, au haiandikwi kabisa.

Nimetaja abstrakti, na hapa nina lawama kwa mawakili wenzangu. Faili nyingi za vifo vya barabarani zina karatasi hiyo moja na cheti cha kifo, basi. Abstrakti inaonyesha kwamba ajali iliripotiwa, tarehe gani, na magari gani yalihusika. Haisemi nani alikosa kwa namna ya kumfunga hakimu. Uzembe unathibitishwa kwa mashahidi na vitu, na lori la kibiashara huacha nyayo nyingi kuliko gari lolote jingine. Mizani ya Mariakani, Mlolongo, Gilgil au Webuye ina rekodi ya uzito wake. Kikomo cha Afrika Mashariki ni tani 56 kwa lori lenye ekseli saba, na breki za lori lililozidishwa mzigo hazishiki mteremkoni kama zinavyotakiwa. Tajiri wa lori huwa amelifunga traka, naye anaweza kujua kwa simu yake lilikuwa likienda kasi gani lilipofika mahali pale. Shehena inayovuka mpaka hufungwa kufuli za kielektroniki za mamlaka za ushuru, nazo huacha kumbukumbu ya lilikopita na liliposimama. Sheria ya Trafiki inakataza dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa nane kwa jumla ndani ya saa 24. Ukijua lilitoka Mombasa saa ngapi na liligonga Salgaa, kupita Nakuru, saa ngapi, na kwamba halikuwa na dereva wa pili, hesabu ni ya mtoto wa shule.

Nyayo hizo ziko mikononi mwa wengine, na nyingine ziko mikononi mwa mdaiwa mwenyewe. Hazikai. Data ya traka hufutwa, na lori huachiliwa kituoni baada ya ukaguzi likaenda kukarabatiwa. Barua ya wakili ya wiki ya kwanza, inayomtaka mwenye lori ahifadhi kumbukumbu zote, haigharimu kitu kikubwa. Akizipoteza baada ya kuipokea, atakuwa na la kumweleza hakimu.

Kuna ajali nyingine ambayo lori halikumgonga mtu, bali liligongwa. Limeharibikia kwenye lami usiku, halina taa, dereva ametandaza matawi ya miti mita chache nyuma badala ya pembetatu za kung'aa, na gari dogo likaingia chini ya trela. Familia huambiwa mtu wenu ndiye aliyegonga, hamna kesi. Mara nyingi ipo. Mahakama hugawa lawama kwa asilimia, na mwenye lori lililoachwa gizani bila onyo hubeba sehemu yake, mara nyingine kubwa. Mgawo huo huo unaweza kumgusa marehemu aliyevuka barabara pasipofaa: fidia hupunguzwa kwa kadiri ya lawama yake, wala haifutwi yote.

Sasa tufike kwenye pesa, ambako ndiko watu hukasirishwa zaidi na sheria. Mahakama hailipi thamani ya mtu. Inauliza swali kavu: wanaomtegemea wamepoteza shilingi ngapi? Hesabu yenyewe ni kuzidisha. Chukua mama wa miaka 38, ana watoto wanne, na biashara yake ya mboga ilikuwa ikimwachia shilingi 18,000 kwa mwezi baada ya gharama. Kwa mwaka ni 216,000. Hakimu anachagua idadi ya miaka ambayo mama huyo angeendelea kufanya kazi, akiipunguza kwa ajili ya misukosuko ya maisha na kwa kuwa pesa zinalipwa zote kwa pamoja, tuseme 20. Tumefika 4,320,000. Kisha anaondoa sehemu ambayo mama angeitumia mwenyewe. Mtu mwenye familia huhesabiwa kwamba theluthi mbili zilikwenda kwa watu wake. Kijana asiye na mke aliyekuwa akiwasaidia wazazi huhesabiwa theluthi moja au karibu na hapo. Theluthi mbili za huyu mama ni 2,880,000. Juu yake huongezwa gharama za mazishi, kitu kidogo kwa maumivu kabla ya kufa, na kile kinachoitwa kupoteza matarajio ya maisha, ambacho kwa desturi huwa karibu na shilingi 100,000. Ndiyo, laki moja, kwa maisha yenyewe. Sina utetezi wa kiwango hicho.

Lakini hiyo 18,000 imetoka wapi? Mama mboga hana hati ya mshahara. Wakili wa bima atasimama aseme mapato hayajathibitishwa, na aombe mahakama itumie kima cha chini cha mshahara kilichotangazwa na serikali, ambacho kwa mji mdogo kiko chini kuliko cha Nairobi. Tuseme ni 9,000. Fidia imeanguka hadi 1,440,000. Nusu nzima imepotea, na aliyekufa ni yule yule, watoto ni wale wale.

Mahakama ya Rufaa ililiona hilo mwaka 2005 katika kesi ya seremala aliyefariki ajalini. Majaji walikataa hoja kwamba kazi ya mtu huthibitishwa kwa vyeti tu na mapato yake kwa karatasi tu. Walisema msimamo huo ungewaonea Wakenya wengi wasioweka kumbukumbu na ambao hata hivyo wanajipatia riziki. Mwaka 2013 mahakama hiyo hiyo ilikuwa na huruma kama hiyo kuhusu gharama za mazishi, kwamba si haki kumtarajia mfiwa awe anakusanya risiti. Ni maamuzi mazuri na yanatajwa kila wiki. Hata hivyo hakimu hawezi kukisia. Anahitaji kitu cha kushika, na familia huwa nacho bila kujua.

Risiti za ushuru wa soko za kaunti zinaonyesha kwamba marehemu alikuwa pale siku hadi siku. Taarifa ya M-Pesa ya miezi 12 inaonyesha pesa zilizoingia na zilizokwenda kwa muuzaji wa jumla. Daftari la chama lina michango yake, limeandikwa kwa mkono na katibu anayeweza kuja kutoa ushahidi. Kitabu cha sacco. Risiti za karo, maana aliyelipa karo ya kidato cha tatu alikuwa na kipato. Jirani wa kibanda anayeweza kusema kwa kiapo magunia mangapi yalishushwa kwa wiki. Laini ya simu ya marehemu isitupwe, wala isigawiwe mtoto mkubwa aanze kuitumia.

Hesabu ikiisha, swali ni nani anahesabiwa. Sheria ya Ajali za Kifo inamtambua mke, mume, mzazi na mtoto. Babu na nyanya wanaingia kama wazazi, mjukuu na mtoto wa kambo wanaingia kama watoto. Ndugu hawamo. Kijana aliyekuwa akiwasomesha wadogo zake watatu kwa mshahara wa bodaboda, akifa, wadogo hao hawana dai la kutegemea. Ukiijua familia ya Kiafrika unaona mara moja kwamba kifungu hiki hakikuandikwa kwa ajili yake. Mzizi wake ni sheria ya Uingereza ya mwaka 1846, enzi ambazo reli zilikuwa zikiua watu na mahakama za huko zilikuwa zimeshikilia kwamba kifo cha mtu hakimpi mwingine haki ya kudai. Tulirithi dawa, tukarithi na ufinyu wake. Njia nyembamba iliyopo ni kudai kwa niaba ya mali ya marehemu chini ya Sheria ya Marekebisho ya Sheria, na hiyo inataka msimamizi mwenye hati ya mahakama. Hati ndogo ya kufungulia kesi tu hupatikana haraka kuliko mirathi kamili. Anayedai kwa niaba ya mali hiyo kabla ya kupata hati, madai yake hutupwa.

Kesi ya wategemezi ni moja tu kwa kifo kimoja. Mjane na wakwe zake wakigombana, hakuna nafasi ya kila upande kufungua ya kwake. Mke wa pili akitokea matangani, aandikwe yeye pamoja na watoto wake, ugomvi wa mgao utaamuliwa baadaye. Fungu la watoto wadogo mahakama huagiza liwekwe kwenye akaunti yenye riba hadi wafikishe miaka 18, na ningeomba mahakimu wasisahau kulitamka, kwa kuwa ami mwenye kiu ya kununua gari la Probox hakosekani.

Familia ya dereva au utingo aliyekufa ndani ya lori iko kwenye njia nyingine. Dhidi ya mwajiri wao ni Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya 2007, inayolipa mapato ya miezi 96, na Mahakama ya Juu iliithibitisha mwaka 2019. Ikiwa gari jingine ndilo lililokosa, mwenye gari hilo bado anaweza kushtakiwa. Abiria aliyeokotwa njiani akapanda kwenye kebini yuko pabaya zaidi, kwani bima ya lori la mizigo huenda isimhesabu hata kidogo.

Bima, basi. Kila lori lazima liwe na bima ya kulinda watu wengine, na kampuni inatakiwa kulipa hukumu ilmradi iliarifiwa kuhusu kesi ndani ya muda mfupi uliowekwa. Kikomo chake ni shilingi milioni tatu kwa mtu mmoja. Fidia ya mwalimu wa 45,000 kwa mwezi, kwa hesabu ile ile ya juu, ni milioni 7.2; zinazozidi kikomo hicho, milioni 4.2, zinamrudia mwenye lori, na hapo ndipo utagundua kama ulimshtaki mwenye mali au mwenye jina tu. Kampuni ikikataa kulipa hata hizo tatu, familia hufungua kesi ya pili dhidi yake. Na kampuni zetu za bima za magari zimeanguka kadhaa, wadai wakabaki na hukumu mkononi.

Kwa kuwa ziada humwangukia yeye, mwenye lori hupenda kumaliza mambo mapema. Siku ya tatu ya msiba, kabla hata maiti haijatoka mochari, anafika mtu mpole, kofia mkononi. "Pole sana, mama. Mwenye gari amesema hawezi kukaa kimya. Ametuma hizi 150,000 zisaidie mazishi. Tia sahihi hapa tu, ni ya kuonyesha nimezifikisha." Shemeji anasoma haraka, anasema ni risiti. Chini ya karatasi kuna mstari unaosema familia haitadai zaidi. Msaada wa mazishi upokeeni, ni utu. Andikeni wenyewe kwa mkono kwamba ni wa mazishi, na karatasi ya mgeni irudi naye. Vivyo hivyo kwa dalali anayewangojea mochari na fomu ya wakili asiyeonekana. Sheria ya Mawakili haiutambui mkataba wa kulipwa ukishinda tu, kwa hiyo anayewaahidi kuchukua theluthi ya fidia anaanza safari yenu kwa kukanyaga sheria.

Bunge lina kazi mbili ambazo hazihitaji tume. Ya kwanza ni kupandisha ile milioni tatu, iliyokaa miaka mingi huku mishahara na bei zikipanda, na kuifungamanisha na mfumuko wa bei. Ya pili ni kuwaingiza ndugu waliokuwa wakitegemea kweli katika orodha ya wategemezi. Mpaka hapo, ukifiwa kwa ajali ya lori, mtume kijana mwenye simu kituo cha polisi kesho asubuhi apige picha nambari ya kichwa, nambari ya trela, stika za bima na Kadi ya Njano kama ipo. Lori likishaachiliwa, hamtaliona tena.